Kifipa na ndugu zake: ukoo mmoja, nchi mbili

Baridi ya huku Sumbawanga si mchezo, mtu unavaa sweta mchana kweupe!

Wiki iliyopita nilimsindikiza shangazi Kasesya, pale mpakani na Zambia. Alikuwa na magunia ya maharage, mteja wake ni mama mmoja kutoka Mbala. Shangazi hajui Kibemba. Yule mama hajui Kiswahili. Lakini walipatana bei, wakaulizana habari za watoto, wakacheka hadi machozi. Huyu anasema Kifipa, yule anajibu Kimambwe. Aliyebaki ameduwaa ni mimi tu, Mfipa mwenye digrii.

Niliporudi nikaanza kuchimba. Kumbe jambo lenyewe lina historia ndefu. Mwaka 1948 Mwingereza Malcolm Guthrie alipozipanga lugha za Kibantu kwa herufi na namba, Kifipa alikipa M13. Majirani wake ni Kipimbwe (M11), Kirungwa (M12), Kilungu (M14) na Kimambwe (M15). Ndugu watano kwenye kapu moja. Baadaye, mwaka 1988, Derek Nurse aliupanua ukoo huo kwa kuunganisha na akina Kinyiha na Kinyamwanga, akauita Mwika. Ukitazama ramani utaona wote wamejipanga kwenye ule ukanda wa kati ya Ziwa Tanganyika, Rukwa na Nyasa.

Wanafanana nini? Kiswahili tunasema Kifipa, wenyewe wanasema Icifipa. Wamambwe wanasema Icimambwe. Ile "i" ya mwanzo ni kiambishi cha kale ambacho Kiswahili kilishakitupa. Halafu kuna toni: sauti ikipanda au ikishuka, maana inaweza kubadilika. Hapo ndipo sisi tuliokulia Kiswahili tunapokwama, maana sikio letu halikuzoeshwa. Hata jina la mji wetu ni Kifipa. Wazee wanasema Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Ni mara ngapi tunalitamka bila kulisikia?

Sasa, ukoo huu ulikatwa katikati na watu ambao hawakuwa na habari nao. Tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani walitia saini mkataba wa kugawana maeneo. Mstari ukapita kati ya Nyasa na Tanganyika. Wafipa wakabaki kwa Mjerumani, Wamambwe na Walungu wakajikuta wako pande zote mbili.

Baada ya uhuru kila upande ukashika njia yake. Kwetu utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, akina Mwene wa Nkansi na Lyangalile wakabaki historia. Zambia, Nsokolo wa Wamambwe na Tafuna wa Walungu bado wanatambuliwa. Mwaka 1967 Kiswahili kikatangazwa kuwa lugha ya kufundishia shule zetu za msingi. Ng'ambo, kati ya lugha saba za kienyeji zilizochaguliwa kwa shule na redio, Kimambwe hakimo; Kaskazini kinatawala Kibemba. Kwa hiyo watoto wa ukoo mmoja sasa wana wazazi wa kambo wawili tofauti.

Naomba nisieleweke vibaya. Bila Kiswahili nisingeandika hapa, na wewe wa Tanga au Mombasa usingenisoma. Kiswahili kimetuunganisha. Lakini baba na mama, ambao wao kwa wao huongea Kifipa, kwetu watoto waliongea Kiswahili tu. Walidhani wanatusaidia. Mimi siwalaumu, ila gharama yake niliiona pale Kasesya.

Na hatujui hata tumebaki wangapi. Sensa yetu ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya 1967. Kipimbwe na Kirungwa, wale wadogo walioko Katavi tangu mkoa ulipogawanywa mwaka 2012, ndio wananitia wasiwasi zaidi.

Nimeanza. Kila jioni namwomba shangazi maneno matano, nayaandika kwenye daftari na kuyarekodi kwa simu ili toni isipotee. Ananicheka sana matamshi yangu. Kama bibi au babu yako bado yupo, mpigie leo. Usingoje mpaka uwe unakusanya maneno msibani.

Nawasilisha.