Makerere Ilianza na Useremala

Wanafunzi wengi wanaotufikia mwaka wa kwanza huamini kwamba chuo kikuu na chuo cha ufundi ni njia mbili zisizokutana: moja ya waliofaulu, nyingine ya walioshindwa. Katika makala hii fupi tunakusudia kuonyesha kwamba imani hiyo haina mizizi mirefu katika historia ya Uganda, na kwamba sisi walimu wa Kiswahili nasi tumechangia kuikuza.

Tuanze na mwaka 1878. Mwezi Novemba mwaka huo, Alexander Mackay, mhandisi kutoka Scotland aliyetumwa na wamisionari wa Kianglikana, alifika Buganda. Kabla ya kuzoea Kiganda aliwasiliana na watu wa ikulu ya Kabaka kwa Kiswahili, lugha ambayo wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kuifikisha huko. Alijenga karakana Natete, na vijana waliokuja kumtazama akifua chuma wakajifunza hapo hapo na kusoma. Mwaka 1882, mama yake Kabaka Mutesa I alipofariki, Mackay ndiye aliyetakiwa kuyatengeneza majeneza yake. Watu wakambandika jina la Muzungu wa Kazi. Tazameni kwamba jina hilo ni la Kiswahili.

Lugha ya ufundi nayo ilisafiri njia hiyo hiyo. Hadi leo seremala wa Kiganda hukata mbao kwa omusumeeno, hupigilia omusumaali, na kazi ikiisha huuza emmeeza. Mwanafunzi wetu yeyote atayatambua maneno hayo bila kufungua kamusi.

Tuje Makerere yenyewe. Ilipofunguliwa mwaka 1922 ilikuwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 wa kutwa, waliosomea useremala, ujenzi na umakanika. Masomo ya utabibu, kilimo, mifugo na ualimu yalifuata baadaye, na mwaka 1949 ikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha London. Kwa hiyo chuo ambacho wazazi wa eneo hili zima wamekiota kwa ajili ya watoto wao kilianza kwa msumeno na randa.

Je, nini kilitenganisha kalamu na randa? Jibu kubwa ni mshahara. Serikali ya kikoloni ilihitaji makarani na wakalimani, na aliyejua kuandika alilipwa na kuheshimiwa kuliko aliyejua kujenga. Kamati ya Phelps-Stokes ilipozuru Afrika Mashariki mwaka 1924 na kuhimiza elimu ya kilimo na kazi za mikono, Waafrika wengi waliishuku. Shaka yao ilikuwa na msingi: waliona watawala wakijiwekea elimu ya vitabu na kuwapangia wao elimu ya jembe. Baada ya uhuru wa mwaka 1962, ofisi zilizoachwa na wakoloni ziliwataka wenye vyeti, na kalamu ikazidi kupanda bei.

Majaribio ya kuviunganisha tena hayakukosekana. Nchi jirani ya Tanzania, Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alisomea ualimu Makerere kati ya 1943 na 1945, alitangaza Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Hapa kwetu tume iliyoongozwa na Profesa Senteza Kajubi ilipendekeza mwaka 1989 kwamba stadi za kazi zianze shule ya msingi. Mapendekezo yalikuwa mazuri, lakini karakana, zana na wakufunzi hugharimu kuliko chaki na ubao, na sehemu kubwa ikabaki kwenye karatasi.

Tusiishie kuilaumu serikali. Tulipokuwa tukifundisha sekondari, miaka ya mwanzo ya 2000, tuliwapa kidato cha pili insha: "Kazi ninayotaka kuifanya nikiwa mkubwa." Darasa zima likajaa madaktari, mawakili na marubani. Mvulana mmoja tu aliandika kwamba atakuwa fundi wa magari. Insha yake ilijaa spana, jeki, klachi na plagi, na maneno mawili ilitubidi kumwuliza yeye maana yake. Sarufi yake ilikuwa safi. Tukampa alama nzuri, kisha tukaandika chini kwa wino mwekundu: "Unaweza kulenga juu zaidi." Hakuuliza juu ni wapi. Insha yake iliyofuata ilikuwa ya daktari, fupi na baridi, na haikuwa na neno hata moja tusilolijua.

Huo nao ulikuwa ushauri wa kazi, ingawa hatukuuita hivyo. Mtoto hupewa ushauri kila siku kwa maneno tunayomfundisha na yale tunayoyaacha. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 umekifanya Kiswahili kuwa somo la lazima kwa miaka miwili ya kwanza, na umetoa nafasi kwa masomo ya stadi. Basi tunao watoto wote mbele yetu wakati bado wanachagua. Samaki mkunje angali mbichi.

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, somo la msamiati wa kazi lisiishie hospitalini na mahakamani. Fundi bomba, mshonaji na mwashi wakaribishwe darasani waeleze kazi yao kwa Kiswahili, pamoja na shida zake na kipato chake. Pili, wenzetu mnaofundisha karibu na karakana tukusanyie maneno ya mafundi mnayoyasikia, mtuletee tuyachapishe katika matoleo yajayo. Sisi tutaanza na yale mawili tuliyofundishwa na mwanafunzi wetu: gasketi na bushi.