Kwekwe, Mji wa Dhahabu na Chuma

Kwekwe iko karibu katikati ya barabara kuu itokayo Harare kwenda Bulawayo, nchini Zimbabwe. Waingereza walijenga ngome hapo mwaka 1898, lakini kilichowavuta walowezi kilikuwa chini ya ardhi. Kote nchini humo walifuata mashimo ya kale, maana wenyeji walikuwa wamechimba dhahabu karne nyingi kabla yao. Hapa ulizaliwa mgodi wa Globe and Phoenix, na mji ukakua kuuzunguka.

Nyumba ya meneja wa kwanza wa mgodi ingalipo. Ililetwa kutoka Uingereza vipande vipande, fremu za mbao na kuta za karatasi iliyosagwa na kushindiliwa juu ya wavu wa waya. Leo ni sehemu ya makumbusho ya uchimbaji dhahabu. Wachimbaji wenyewe, wakiwemo vijana waliotoka Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, hawakuachiwa jumba la kukumbukwa.

Chuma kilifuata mwaka 1942, ilipoundwa tume ya chuma ya serikali. Kiwanda kikajengwa Redcliff, kusini kidogo ya Kwekwe, palipokuwa na mawe ya chuma na ya chokaa. Makaa ya mawe yakaletwa kwa reli kutoka Hwange. Baada ya uhuru kiliitwa Ziscosteel. Kiliajiri maelfu, na Redcliff yote, nyumba, shule na maduka, iliishi kwa mshahara wake. Mitambo chakavu, madeni na uongozi mbovu vilikidhoofisha, na mwaka 2008 tanuru zikazimika. Wafanyakazi walidai mishahara yao kwa miaka. Mwaka 2011 serikali iliingia mkataba na kampuni ya Essar ya India, kiwanda kikapewa jina jipya, lakini mpango ukafa na moto haukuwashwa.

Chuma hudai reli, umeme, makaa na mtaji, na kimoja kikikosekana, vyote husimama. Dhahabu humkubali hata mwenye sururu na tochi tu. Ndiyo maana ajira zilipokauka vijana waliingia mashimoni. Huko huitwa makorokoza. Wanapita kwenye mahandaki ya zamani na kumega nguzo za mwamba zilizoachwa makusudi ili kushikilia paa. Juu ya paa hilo kuna mitaa na watu. Mwaka 2023 sakafu ya darasa katika shule ya msingi ya Globe and Phoenix ilididimia wanafunzi wakiwa ndani, na kadhaa wakaumia.

Kuwafukuza makorokoza kwa polisi hakutoshi, kwani wenye njaa watarudi usiku. Wapewe maeneo halali nje ya mji, wenye mtaji walionunua dhahabu yao wachangie kufukia mahandaki, na kazi hiyo ianzie chini ya shule.