Office ya kulipia au ya bure: Ipi inatosha kwa kompyuta ya nyumbani?

Kompyuta mpya inapotolewa kwenye boksi, mara nyingi Word huwa imo tayari. Barua zinaandikwa, bajeti ya mwezi inapangwa kwenye Excel, mambo shwari. Baada ya muda, mara nyingi ni mwezi mmoja tu, ujumbe unatokea juu ya ukurasa: muda wa majaribio umekwisha, lipia uendelee. Hapo ndipo familia nyingi hugundua kwamba kompyuta ilinunuliwa, lakini Word haikununuliwa.

Kinachofuata kwa wengi wetu Afrika Mashariki kinajulikana. Kompyuta inapelekwa kwa fundi, fundi anachomeka flashi, soda haijaisha "Office" imerudi. Wachache huuliza imetoka wapi. Na wachache zaidi wanajua kwamba zipo njia halali, na baadhi yake hazidai hata senti.

Unacholipia ni nini hasa?

Microsoft 365, ambayo hadi mwaka 2020 ilikuwa inaitwa Office 365, haiuzwi kama kitu unachokimiliki. Ni kama kodi ya nyumba: unalipa kwa mwezi au kwa mwaka, ukiacha kulipa unatoka. Kwa bei ya Marekani, mpango wa mtu mmoja ni dola 99.99 kwa mwaka, na ule wa familia ya hadi watu sita ni dola 129.99. Bei hutofautiana kati ya nchi na nchi, hivyo ni vyema kuangalia ile inayotokea kwenye akaunti yako kabla ya kuweka kadi. Lakini kupata picha, ukikokotoa dola moja kwa Sh2,500, mtu mmoja analipa karibu Sh250,000. Kila mwaka, si mara moja.

Hadi Januari 2025 mpango huohuo wa mtu mmoja ulikuwa dola 69.99. Kilichoongezwa ni Copilot, msaidizi wa akili bandia ndani ya Word na Excel, na bei ikapanda naye, aliyemtaka na asiyemtaka.

Jambo hilo limefika mahakamani. Oktoba 2025, Tume ya Ushindani na Walaji ya Australia, ACCC, iliishitaki Microsoft ikidai kwamba wateja wapatao milioni 2.7 walipotoshwa. Kwa mujibu wa tume hiyo, waliambiwa wana njia mbili tu, kukubali Copilot kwa bei mpya au kufuta usajili, wakati kulikuwa na mpango wa tatu ulioitwa Classic, wa bei ya zamani na bila Copilot. Mpango huo ulikuwa unajitokeza pale tu mteja anapoanza hatua za kujiondoa. Baadaye kampuni iliwaomba radhi wateja wa Australia na kusema iko tayari kuwarudishia fedha.

Funzo dogo la kivitendo kwa aliyekwisha jisajili: ukibonyeza kitufe cha kufuta, soma kurasa zote zinazofuata kabla ya kumaliza. Ofa nafuu hujificha huko.

Ukiacha Copilot, mteja anapata Word, Excel, PowerPoint na Outlook kamili, anaweza kuzitumia kwenye vifaa vitano kwa wakati mmoja, na anapewa nafasi ya TB 1 ya kuhifadhi faili mtandaoni kupitia OneDrive. Kusema kweli, kwa matumizi ya nyumbani hiyo TB 1 ndiyo yenye thamani kuliko Word yenyewe. Na kwenye mpango wa familia kila mtu anapata TB 1 yake. Gawanya dola 129.99 kwa watu sita: kila mmoja anachangia chini ya dola 22 kwa mwaka, takribani Sh54,000 kwa hesabu ileile. Familia yenye picha nyingi na watoto wawili watatu wanaosoma, hapo inapata kitu. Copilot tu ndiyo haigawiwi, inabaki kwa mwenye akaunti aliyelipa.

Siku ya kuacha kulipa

Hili ndilo swali ambalo watu huliuliza wakiwa wamechelewa. Usajili ukiisha, faili zilizo kwenye kompyuta hazipotei. Word itafungua, utasoma na utaweza kuprinti. Lakini kuandika au kurekebisha hapana. Fikiria mwanafunzi anayesubiri kurekebisha tasnifu usiku wa kuamkia siku ya kuiwasilisha.

Upande wa OneDrive ni mgumu zaidi. Nafasi inarudi kuwa GB 5 za bure. Aliyekuwa ameweka GB 200 za picha za harusi na za watoto anahesabika amezidisha. Hataweza kupandisha kitu kipya, na kama anatumia barua pepe ya Outlook.com kwenye akaunti hiyo, kutuma na kupokea kunaweza kusimama. Hali ikibaki hivyo kwa zaidi ya miezi sita, Microsoft inajiwekea haki ya kufuta kila kilichomo.

Kwa hiyo anayetaka kuacha ashushe kwanza faili zake kwenye diski ya nje. Kazi hiyo inahitaji intaneti ya uhakika, si bando la siku moja.

Ile ya kununua mara moja ipo bado

Wengi wanadhani haipo tena. Ipo. Inaitwa Office Home 2024, ilitoka Oktoba 2024, na Marekani ilizinduliwa kwa dola 149.99. Unapata Word, Excel, PowerPoint na OneNote kwenye kompyuta moja, bila TB 1 na bila kuhamia toleo jipya likitoka. Itapewa masasisho ya usalama hadi Oktoba 2029.

Hesabu yake ni nyepesi. Miaka mitano ya usajili wa mtu mmoja inakaribia dola 500. Kununua mara moja kwa bei hiyo ya uzinduzi ni dola 150, sawa na dola 30 kwa mwaka. Kama mtu anataka Word halisi na hana haja ya nafasi ya mtandaoni, ni vigumu kuona kwa nini ajisajili.

Wenye Office 2016 au 2019 waliyoinunua kihalali wanaweza kuendelea kuifungua, ila msaada wake ulikoma Oktoba 14, 2025, siku ileile ya Windows 10. Tundu la usalama likigundulika sasa, halizibwi.

LibreOffice: bure, na si ngeni kwetu

Katika za bure, inayokaribia zaidi Office kamili kwenye kompyuta ni LibreOffice. Ina Writer badala ya Word, Calc badala ya Excel na Impress badala ya PowerPoint. Inasimamiwa na The Document Foundation, taasisi isiyo ya kibiashara yenye makao yake Berlin, Ujerumani, na ilizaliwa Septemba 2010 baada ya watengenezaji kujitenga na OpenOffice.org, mradi uliokuwa umeangukia mikononi mwa Oracle.

OpenOffice hiyo iliwahi kuzungumza Kiswahili. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa toleo lililoitwa Jambo OpenOffice, menyu zote zikiwa kwa Kiswahili. Zaidi ya miaka 20 imepita, na bado watu wengi jijini humohumo hawajui kwamba kitu cha namna hiyo kipo.

Kwa mtu anayeishi kwa bando, faida yake kubwa ni moja: unaishusha mara moja, kama MB 350 kwa Windows, halafu basi. Haihitaji akaunti, haihitaji kuingia mtandaoni kuthibitisha chochote, na flashi ileile inaweza kuiweka kwenye kompyuta za nyumba nzima bila kuvunja sheria ya nchi yoyote. Kuna pia kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili, kwa wale waliochoka kuona mstari mwekundu chini ya kila neno.

Inafungua faili za docx, xlsx na pptx na kuzihifadhi kwa aina hiyohiyo. Lakini hapa ndipo ukweli wote usemwe, kwa sababu mashabiki wake hupenda kuupunguza.

Faili rahisi, mfano barua, CV ya kurasa mbili, orodha ya michango ya harusi au hesabu za kikundi cha vikoba, hupita bila shida. Matatizo huanza kwenye mpangilio. Word ya siku hizi huandika kwa fonti ya Aptos, na kabla ya hapo ilikuwa Calibri. Kompyuta isiyo na fonti hizo inaweka nyingine. Kwa Calibri, LibreOffice inakuja na Carlito, ambayo herufi zake zina upana uleule, hivyo mistari haihami. Kwa Aptos bahati hiyo haipo. Jedwali linaweza kusogea, kichwa cha habari kikaangukia ukurasa wa pili, na CV ya kurasa mbili ikawa ya tatu ikiwa na mstari mmoja peke yake.

Tiba yake ni ya zamani: kama mpokeaji anatakiwa kusoma tu, mtumie PDF. LibreOffice inaitengeneza kwa kubofya mara moja. Steshenari nayo itaiprinti kama ilivyo, hata kama kompyuta yao ina Office ya mwaka gani.

Anayerudishiana faili na msimamizi wa tasnifu, kila mmoja akiacha maoni na masahihisho pembeni, yuko kwenye hatari kubwa zaidi. Masahihisho kwa kawaida yanavuka salama, ila faili ikienda na kurudi mara kumi kati ya programu mbili, kitu hupotea njiani. Hapo ni afadhali wote wawili watumie programu moja.

Na kwa Excel za ofisini zenye makro za VBA au Power Query, Calc haitoshi. Mhasibu anayerudi nyumbani na kazi ya bosi asijaribu kuokoa fedha hapo.

Kwenye simu na mtandaoni

Kama kompyuta ya nyumbani ni moja na simu ni nne, mchezo unabadilika. Google Docs ni ya bure, na watu watatu wanaweza kuandika ukurasa mmoja kwa pamoja, jambo ambalo LibreOffice haiwapi watu wa nyumbani. Nafasi yake ni GB 15, lakini inagawanywa na Gmail na Picha za Google, kwa hiyo kwa wengi imeshajaa. Kufanya kazi bila intaneti inawezekana kwenye Chrome, mradi uwashe sehemu hiyo mapema. Umeme na mtandao vikishakatika, umechelewa.

Microsoft nayo ina Word na Excel za bure kwenye kivinjari, zenye mambo machache kuliko zile za kulipia, pamoja na zile GB 5. Programu zake za simu zinaruhusu kuandika na kurekebisha bure kwenye kioo kisichozidi inchi 10.1. WPS Office ya Kingsoft ya China inapendwa sana kwenye Android, ila ina matangazo, na baadhi ya vitu ndani yake vinalipiwa. LibreOffice yenyewe haina toleo kamili la simu, anayeitaka atafute Collabora Office, iliyojengwa juu yake.

Wanafunzi wa chuo waulize kwanza ofisi ya TEHAMA. Shule na vyuo vinavyostahiki vinaweza kupata Microsoft 365 ya mtandaoni bila malipo, na mtu anaweza kuwa na haki hiyo kupitia barua pepe ya chuo ambayo hajawahi hata kuifungua.

Ile ya fundi

Office ya "kukrakiwa" inaonekana ya bure hadi pale utakapotazama jinsi inavyowekwa. Hatua ya kwanza mara nyingi ni kuzima kinga ya virusi, kwa sababu kinga hiyo inaikataa programu inayodanganya kuwa Office imelipiwa. Baada ya hapo programu isiyojulikana imetoka wapi inapewa mamlaka yote ya kompyuta, ileile ambayo kesho itafungua akaunti ya benki na fomu za kodi. Huenda isifanye lolote. Huenda pia inakusanya nywila taratibu. Mwenye kompyuta hana namna ya kujua, na fundi naye pengine hajui.

Namba za leseni zinazouzwa mtandaoni kwa dola tano au kumi zina tatizo jingine. Nyingi ni za makampuni au vyuo, zimetolewa kwa njia isiyo yake, na zinaweza kuzimwa siku yoyote. Muuzaji wakati huo hapatikani.

Kwa nyumba ya kawaida, yenye barua, CV, kazi za shule na hesabu za matumizi, kuanza na LibreOffice pamoja na Google Docs hakugharimu chochote zaidi ya bando la kushusha. Jaribio zuri si barua ya mistari mitano. Chukua faili ngumu kuliko zote ulizonazo, yenye majedwali na picha, ifungue, irekebishe, ihifadhi kama docx, kisha iangalie kwenye kompyuta yenye Word. Ikitoka salama, hakuna cha kulipia. Ikivurugika na kazi inakutaka uitumie kila wiki, Office Home 2024 au mpango wa familia uliogawanywa na ndugu ni fedha iliyotumika vizuri.

Atakayeamua kulipia kwa kadi, iwe ya benki au ile ya mtandaoni ya M-Pesa, ajue kwamba usajili hujirudia wenyewe. Unaweza kuzima hilo siku hiyohiyo ya kulipa: ingia account.microsoft.com, fungua sehemu ya usajili, zima malipo ya kujirudia. Huduma itaendelea hadi tarehe uliyolipia, na mwakani itabidi waombe upya.