Kutoka Mizinga hadi Ziplaini: Historia ya Kupanda Vilele vya Miti katika Msitu wa Aberdare

Juu ya Kangari, mji mdogo wa wakulima wa chai katika eneo la Kigumo, Murang'a, mashamba yanakoma ghafla na msitu wa Aberdare unaanza. Mteremko huu wa mashariki hupokea pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, na sehemu zake za juu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Humo huota mikulo, ambayo Wakikuyu huiita muthaiti, pamoja na mipodo na miiria, kisha mianzi, na juu kabisa nyasi za mlimani zenye baridi. Si msitu wa mvua wa nyanda za chini kama ule wa Kongo. Ni msitu wa mlimani, wenye ukungu, kuvu na ndevu za wazee zinazoning'inia matawini. Hata hivyo una sifa moja ya misitu yote ya mvua: sehemu kubwa ya uhai wake iko juu, mahali ambapo miguu ya binadamu haifiki. Leo mtu anaweza kutoka Kangari asubuhi, akaenda kuteleza kwa waya wa ziplaini juu ya miti ya msitu huohuo upande wa kusini, na kurudi kabla ya giza. Kabla ya starehe hiyo, waliopanda juu walipanda kwa sababu nyingine kabisa.

Wa kwanza walikuwa warina asali. Masimulizi ya Wakikuyu wa Murang'a na Kiambu yanawataja Waathi, wawindaji na warina asali walioishi msituni kabla ya wakulima kufyeka miteremko, na ambao ardhi yao ilipatikana kwa mbuzi na kwa udugu wa kiapo. Wakulima nao walichukua kazi ya nyuki. Mzinga wao, mwatu, ulikuwa gogo lililochimbwa ndani na kuzibwa ncha zote mbili, ukatundikwa juu mtini, mbali na nyegere. Asali haikuwa kitoweo tu. Pombe ya asali ilihitajika katika hatua kadhaa za posa na ndoa, na mzee asiye na mizinga alilazimika kuomba au kununua kwa wenzake. Kupanda mti mrefu usiku, mkononi una kijinga kinachofuka moshi, ilikuwa kazi ya wanaume, na kwa sababu hiyo mali ya nyuki ilibaki mikononi mwao.

Hali hiyo ilibadilishwa na mzinga wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wataalamu wa Kenya na wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walisanifu mzinga wa vijiti vya juu unaojulikana duniani kwa jina la Kenya. Huning'inizwa kimo cha kiuno, na masega hutolewa moja moja bila kuua kundi. Wanawake wakaweza kufuga nyuki bila kupanda popote, na mizinga ya magogo ikaanza kupungua vileleni.

Mti mmoja ulikuwa na hadhi ya pekee. Mugumo haukukatwa wala kuvunjwa kuni. Chini yake zilifanyika sala na dhabihu. Wangari Maathai, mtetezi wa misitu aliyezaliwa mwaka 1940 huko Ihithe, Nyeri, alikumbuka jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni za mti huo. Ni kinaya basi kwamba jengo la kwanza mashuhuri la kutazamia wanyama kutoka mtini katika nchi hii lilijengwa juu ya mugumo.

Jengo hilo ni Treetops. Eric Sherbrooke Walker, aliyekwisha kuanzisha hoteli ya Outspan mjini Nyeri, alilifungua mwaka 1932 kando ya bwawa la wanyama lenye chumvi, ndani ya msitu. Mwanzoni palikuwa na vyumba viwili tu. Wageni waliletwa kwa gari hadi ukingo wa msitu, wakamalizia njia kwa miguu wakisindikizwa na mwenye bunduki. Na kwenye miti ya kando ya njia palipigiliwa ngazi za kukwea upesi iwapo nyati au ndovu angetokea. Usiku waliketi kimya wakitazama wanyama chini. Huu ulikuwa utalii wa aina mpya: mnyama hakufuatwa wala kupigwa risasi, bali mgeni aliinuliwa juu yake na kuambiwa asipige kelele. Wenyeji wa vijiji jirani waliuona msitu huo kwa jicho tofauti. Kwao ulikuwa ardhi waliyozuiwa kuingia bila kibali, ilhali mgeni alilipia kulala ndani yake.

Tarehe 5 Februari 1952 Binti Mfalme Elizabeth na mumewe Philip walipanda Treetops. Jim Corbett, mwindaji wa zamani wa chui na simba milia nchini India aliyekuwa amehamia Nyeri, alikuwepo kama mlinzi. Usiku huo, au alfajiri iliyofuata, Mfalme George wa Sita alifariki Uingereza, na msichana aliyepanda mti akiwa binti mfalme akashuka akiwa malkia. Habari hiyo imesimuliwa mara nyingi mno, na umaarufu wake umefunika jambo lililotokea miaka miwili tu baadaye, ambalo kwa historia ya msitu lina uzito zaidi.

Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952 ili kuzima uasi wa Mau Mau. Mwaka 1953 misitu ya Aberdare na Mlima Kenya ilitangazwa kuwa maeneo yaliyopigwa marufuku: yeyote aliyeonekana humo angeweza kupigwa risasi bila onyo. Wapiganaji wa Mau Mau walitumia dari la majani kama paa, kwa maana ndege za Harvard, na tangu mwishoni mwa mwaka huo ndege za mabomu za Lincoln, hazikuweza kuona kilichokuwa chini yake. Moto wa kupikia uliwashwa usiku, ndani ya mianzi, ili moshi usipande. Walinzi walikaa juu ya miti kuangalia bonde. Mashina yenye mashimo yakawa masanduku ya barua, na mugumo mmoja karibu na Treetops ungali unaitwa posta ya Kimathi, kwa jina la kiongozi wao Dedan Kimathi. Mwaka 1954 hoteli ya Treetops yenyewe ilichomwa moto. Ilijengwa upya mwaka 1957, safari hii juu ya nguzo, na ikaendelea kukua mpaka mti ukawa jina tu.

Waliobaki nje ya msitu walilipa kwa jasho. Mwaka 1954 wakazi wa Mkoa wa Kati walihamishiwa vijiji vilivyozungushiwa uzio, na wengi wao, hasa wanawake, wakalazimishwa kuchimba handaki ukingoni mwa msitu, likapandwa vijiti vilivyochongoka ili chakula kisiwafikie wapiganaji. Upande wa Mlima Kenya handaki hilo lilifika kilomita 80 hivi. Kimathi alijeruhiwa na kukamatwa ukingoni mwa msitu, upande wa Nyeri, tarehe 21 Oktoba 1956.

Vita vilipokwisha, miti ilianza kushuka badala ya watu kupanda. Tangu mwaka 1910 serikali ya kikoloni ilikuwa imetumia mfumo wa shamba: mkulima hupewa kipande cha msitu kilichofyekwa, hulima viazi na mahindi kwa miaka michache huku akitunza miche ya misonobari na misaipresi ya serikali, kisha huhamia kipande kingine. Misitu ya asili ilipungua na safu za miti ya mbao zikaongezeka. Kangari na vijiji vyake vilipata mkondo wao mwingine wa fedha. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliwaruhusu wakulima wadogo Waafrika kulima mazao ya biashara, kiwanda cha kwanza cha chai ya wakulima wadogo kikafunguliwa Ragati, Nyeri, mwaka 1957, na mamlaka ya chai, KTDA, ikaundwa mwaka 1964. Chai inapenda mvua ileile inayopendwa na mkulo. Ndiyo maana mpaka wa shamba na msitu ukakaza hapa kuliko mahali pengine: kila ekari iliyokatwa ilifaa chai. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha Nyayo Tea Zones, ukanda wa chai ya umma uliopandwa ukingoni kwa madai ya kuzuia watu wasiingie. Ukanda huo ulizuia kwa kiasi fulani, lakini ulichukua nao sehemu ya msitu uliotakiwa kulindwa.

Ukataji wa mkulo uliendelea kwa siri. Mbao zake, zenye harufu ya kafuri na zisizoliwa na wadudu, zilikuwa na soko la uhakika. Uchunguzi wa angani uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha jinsi Aberdare ilivyotobolewa na ukataji haramu, matanuri ya makaa na mashamba ya bangi. Wakati huo ujenzi wa uzio wa kuulinda msitu ulikuwa tayari unaendelea. Shirika la Rhino Ark liliundwa mwaka 1988 likiwa na lengo dogo: kuwalinda vifaru weusi wa upande wa mashariki wa hifadhi. Ujenzi ulianza mwaka 1989. Pole pole lengo likapanuka, na tarehe 28 Agosti 2009 Rais Mwai Kibaki akazindua uzio wa umeme uliokamilika, wenye urefu wa kilomita 400 hivi, ukizunguka msitu wote. Kwa mkulima wa Kigumo maana yake ilikuwa moja: ndovu hawakushuka tena kula mahindi yake. Kwa historia hii una maana nyingine. Kabla ya uzio hakuna aliyeweza kuuza tikiti ya kupita juu ya msitu. Mgeni angetazama chini na kukuta visiki.

Wazo la kupita juu hivyo lilitoka mbali: wanasayansi walifika vileleni kwa njia yao. Katika miaka ya 1970 mwanabiolojia Donald Perry alipanda miti ya Costa Rica kwa kamba za wakwea milima, akaishi juu kwa saa nyingi ili kuona wanyama ambao hawashuki. Mwaka 1982 Terry Erwin, kwa kupuliza dawa kwenye vilele vya aina moja ya mti nchini Panama na kuhesabu mende walioanguka, alikadiria kuwa dunia ina aina milioni 30 za wadudu na jamaa zao. Makadirio hayo yamepunguzwa sana tangu hapo, lakini yaliwafanya watu wavitazame vilele vya miti kama bara lisilojulikana. Katika miaka ya 1990 wafanyabiashara wa Monteverde, Costa Rica, walichukua kamba na kapi za watafiti wakawauzia watalii. Ziplaini ya kisasa ilizaliwa hapo.

Afrika Mashariki ilianza na madaraja. Katika Nyungwe, Rwanda, daraja la kutembelea juu ya miti, lenye urefu wa mita 160, lilifunguliwa mwaka 2010. Kenya ina lake huko Ngare Ndare, miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya karibu na Timau: mita 450 za waya na mbao zinazopita juu ya mierezi na kuishia kwenye jukwaa la kutazamia. Msitu huo ni njia ya ndovu kati ya mlima na hifadhi ya Lewa, na mwaka 2013 uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa Mlima Kenya.

Ziplaini ilifika Aberdare katikati ya miaka ya 2010, si upande wa Kangari bali kusini, katika msitu wa Kereita, eneo la Lari. Kituo kiitwacho The Forest kilifunga nyaya za chuma kutoka jukwaa hadi jukwaa, zaidi ya kilomita 2 kwa jumla zikiunganishwa. Kutoka barabara kuu ya Nairobi–Naivasha mgeni hukatia Kimende. Wengi hawajui kwamba wanapita karibu na mahali pa mauaji ya Lari ya tarehe 26 Machi 1953, wala kwamba pango wanaloonyeshwa msituni lilikuwa maficho ya Mau Mau.

Ufundi wake ni rahisi kueleza na mgumu kusimamia. Anayeteleza hufungwa mikanda kiunoni na mapajani, kisha huning'inizwa kwenye kapi zinazobiringika juu ya waya. Waya haunyooki kabisa. Hubonyea katikati, hivyo mtu huteremka kasi, kisha hupanda kidogo akikaribia jukwaa la pili na kasi ikapungua. Mwepesi huenda akasimama kabla ya kufika, na msimamizi humvuta kwa kamba; mzito hufika akienda kasi, na breki lazima imngoje. Ukungu wa Aberdare unapolowesha chuma, msuguano hupungua na mahesabu hubadilika. Kwa hiyo siku za Aprili na Mei, mvua za masika, si nzuri kwa safari hiyo, na asubuhi ni bora kuliko alasiri. Juu ya majani mgeni huona kile ambacho mrina asali alikiona: mbega weusi kwa weupe wakiruka, na kilele cha mkulo mmoja kilichopona msumeno.

Kisheria shughuli hizi zilianza kwa kuegemea Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, iliyounda Huduma ya Misitu ya Kenya, KFS, na kuruhusu watu binafsi kupewa leseni za utalii ndani ya misitu ya serikali, na vyama vya jamii za misitu kushiriki usimamizi. Sheria ya mwaka 2016, iliyochukua nafasi yake, iliendeleza utaratibu huo. Upande wa Kangari vyama hivyo hushughulika zaidi na malisho, kuni, miche na kilimo cha kati ya miti michanga, mrithi wa mfumo wa shamba, kuliko utalii. Msitu wa juu yake una kazi nyingine kubwa: mito ya Maragua, Gikigie na Irati imeingizwa kwenye handaki la kilomita 11.8 linalopeleka maji hadi bwawa la Ndakaini, lenye ujazo wa mita za ujazo milioni 70, ambalo ndilo tegemeo kuu la maji ya Nairobi. Barabara za Mau Mau, zilizopangwa kuwa na jumla ya kilomita 540 katika Kiambu, Murang'a, Nyeri na Nyandarua, zimefupisha safari ya ukingoni mwa msitu.