Chumba cha Zidaka: Lamu Ilivyompambia Mtoto Mchanga

Katika nyumba za mawe za Lamu zilizojengwa karne ya 18, chumba kilichopambwa kuliko vyote hakikuwa cha wageni. Mgeni aliishia dakani, penye baraza ya mlangoni, na aliyeheshimiwa zaidi akafika uani. Pambo lenyewe liliwekwa nyuma kabisa, upande wa mama na mtoto anayezaliwa.

Chumba hicho huitwa ndani. Ili ukifikie unavuka kiwanda, ambacho ndicho ua, kisha msana wa tini na msana wa yuu, yaani ukumbi wa chini na wa juu, sakafu ikipanda kidogo kila unapoingia chumba kingine. Vyote ni virefu na vyembamba, upana hauzidi mita 3 hivi, kwa kuwa dari hulala juu ya boriti za mikoko na boriti zina urefu wake. Nyuma ya ndani kipo chumba kidogo, nyumba kati. Huko ndiko wanawake walikojifungulia, na huko huko maiti wa nyumba alioshwa.

Ukuta wa ndani umejaa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu hadi karibu na dari. Fundi alichoma matumbawe juu ya lundo la magogo ya mikoko mpaka yakawa chokaa, akailoweka, akaipiga ukutani na kuichonga ingali mbichi. Ukisogea karibu unaona majani yaliyokatwa kwa ncha ya kisu, na kingo za zidaka zilizopinda kwa mkono, hata mbili hazilingani sawasawa. Chumba hakina dirisha la nje. Mwanga hutoka uani, hupita misana yote miwili, na ukigonga weupe ule, ukuta huonekana una kina kuliko ulivyo. Sijui pambo jingine la chumba cha mtoto, popote, lililofanywa kwa subira kama hii.

Ndani ya zidaka zilipangwa sahani na mabakuli ya kaure kutoka China, na karne ya 19 vikaongezwa vyombo vya viwanda vya Ulaya, vikiwemo vya Maastricht, Uholanzi. Vilionyesha utajiri, bila shaka. Lakini Linda Donley-Reid, mtafiti wa akiolojia aliyezichunguza nyumba hizi na kuandika habari zake miaka ya 1980, aliona kazi nyingine pia: kaure ilikuwa kinga. Chumba cha uzazi na mauti kilihofiwa, na jicho baya lilipaswa kukutana na sahani kabla ya kumfikia mtoto. Naafikiana naye. Watu waliomfukiza mzazi udi na kumfunga mtoto hirizi hawangeuacha ukuta wa chumba chake mtupu.

Tusiivute habari hii nyuma kupita kiasi, hata hivyo. Nyumba za Gedi, mji wa kale zaidi wa pwani hii, zilizoanza kuchimbuliwa na mwanaakiolojia James Kirkman mwaka 1948, zina zidaka chache tu. Ukuta mzima wa zidaka ni fahari ya Lamu na Pate ya karne ya 18, biashara ilipostawi.

Tena ilikuwa fahari ya waungwana. Nyumba ya mawe haikuwa ya kila mtu, na watumwa waliobeba matumbawe na kuchoma chokaa walizaa watoto wao katika vibanda vya udongo na makuti. Atakayeusifu ukuta huu akawasahau hao atakuwa amesimulia nusu ya habari.

Mtoto wa kiungwana alikaa huko nyuma na mamaye siku 40. Zilipotimia, palifanywa sherehe ya kutolewa nde, yaani nje: alibebwa na kuzungushwa chumba baada ya chumba, akielezwa kazi ya kila mahali katika nyumba yake.

Mji Mkongwe wa Lamu uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na jumba la makumbusho la Nyumba ya Kiswahili bado linaonyesha ndani ilivyokuwa. Katika nyumba za watu hali ni tofauti. Ukuta wa matumbawe unahitaji kupumua, na chokaa huuruhusu, saruji huufunga. Unyevu na chumvi vikikosa pa kutokea huisukuma lipu kutoka nyuma, na zidaka zilizodumu zaidi ya miaka 200 humong'onyoka. Mafundi wa chokaa bado wapo Lamu. Wapewe kazi hiyo wao, kabla gunia la saruji halijafunguliwa.