Joto la Malori katika Mlima Magara

Atokaye Magugu, penye vuke la bonde na mashamba ya mpunga, akashika njia ya Magara kwenda Mbulu, hana budi kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa, ambao kwa masafa mafupi humwondoa katika usawa wa Ziwa Manyara, yaani mita 960 hivi juu ya bahari, ukamfikisha katika nyanda za Wairaqw zipitazo mita 1,700, na penginepo 2,000. Kadhalika atokaye Dareda kwenda Dongobesh hukabiliwa na mpando wa namna hiyo hiyo. Kwa aendaye na punda, hiyo ilikuwa taabu ya mapafu na magoti; bali kwa lori, tangu zama za utawala wa Waingereza, umekuwa mtihani wa maji yaliyomo katika rejeta.

Reli ilipofika Arusha mwaka 1929, mazao ya Mbulu yalipata mlango wa karibu wa kutokea, na malori yakawa na kazi ya kuyafikisha huko. Hapo madereva walijifunza yale ambayo wataalamu wa elimu ya maumbile waliyajua zamani: maji yachemkayo kwa nyuzi 100 pwani hupoteza takriban nyuzi moja kila yapandapo mita 300, hata mjini Mbulu yakachemka kwa nyuzi 94 hivi. Basi lori ambalo mfuniko wake wa rejeta umechoka, usiweze tena kuzuia mvuke, huwa na akiba ndogo kabisa ya joto pale pale linapoihitaji zaidi, yaani kileleni, baada ya kupanda kwa gia nzito, feni ikizunguka lakini upepo wa mwendo haupo. Ndipo utingo hushuka na ndoo.

Katika masaibu hayo lawama iliiangukia themostati, mlango mdogo unaoyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wake. Wala lawama hiyo haikukosa asili. Themostati za mwanzo zilikuwa kifuko cha madini chenye mikunjo, ndani yake kimiminika chepesi kigeukacho mvuke, na kifuko hicho kilipotoboka, au mgandamizo wa maji ulipozidi, hakikutenda kazi yake sawasawa. Katika miaka ya 1930 Sergius Vernet, huko Marekani, alibuni namna ya kutumia nta ambayo ikiyeyuka hutanuka kwa nguvu na kusukuma kijiti, na ndiyo namna iliyoenea katika malori mpaka leo. Lakini sifa mbaya ikishaingia gereji haitoki upesi.

Iliyoimarisha desturi ya kuitoa kabisa themostati na kuitupa ni dhiki ya spea. Tangu mwanzo wa miaka ya 1970 mashamba makubwa ya ngano ya Basotu, chini ya shirika la umma la kilimo, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, yaliongeza haja ya malori Hanang, juu ya ardhi waliyokuwa wakichungia Wabarbaig, ambao madai yao yalifika mahakamani. Kisha ikaja vita ya Uganda ya 1978 na 1979, na fedha za kigeni zikaadimika. Fundi ambaye themostati ya lori lake imekwama imefungwa, na nyingine haipatikani hata Arusha, angefanya nini ila kuitoa ili ngano ifike? Naliona tendo hilo kuwa la busara kwa wakati wake. Kosa lilikuwa kuligeuza kuwa kanuni hata spea zilipopatikana tena.

Maana Mbulu ni nchi ya baridi, na wakati wa kipupwe, Juni na Julai, asubuhi zake ni kali. Injini isiyo na themostati hukaa baridi muda mrefu, oili ikawa nzito, dizeli isiungue yote, na umajimaji wenye asidi ukabaki ndani ukila kuta za silinda. Fauka ya hayo, injini nyingi zina njia ya pembeni ambayo themostati huiziba inapofunguka. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi, na sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta, hata injini iliyotolewa themostati ili ipoe ikachemsha kuliko mwanzo.

Waliolielewa jambo hili walichagua njia ya kati: kuibadili themostati ifungukayo kwa nyuzi 88 kwa nyingine ya 82, au hata 76 pale mtengenezaji wa injini aliporuhusu. Faida yake ifahamike kwa kiasi chake. Themostati huweka mpaka wa chini wa joto, si wa juu. Rejeta iliyoziba kwa chumvi ya maji ya visima vya karibu na Ziwa Balangida itachemsha tu, uwe umeweka ya nyuzi ngapi. Lakini lori lianzalo mlima likiwa na nyuzi 80 badala ya 90 hupata dakika kadhaa za ziada kabla ya hatari, na katika Magara dakika hizo huweza kulifikisha mahali pa kusimama kwa salama.

Kuna jambo moja ambalo fundi wa nyanda hizi hapaswi kulisahau. Themostati hupimwa kwa kuning'inizwa kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, pamoja na kipimajoto, ikatazamwa inapoanza kufunguka. Ile ya nyuzi 88 huhitaji aghalabu nyuzi 10 zaidi ili ifunguke yote, nayo maji ya Mbulu katika sufuria wazi hayapiti 94; basi huonekana nusu wazi, ikahukumiwa kuwa mbovu, ilhali ni nzima, na ingepimwa Tanga ingefunguka barabara.