Algeria: Dini Moja, Njia Mbili

Katika mwezi huu mtukufu hebu tuitazame Algeria, nchi ya Waislamu wenzetu kule Afrika Kaskazini. Historia yake ina funzo kubwa kwetu sisi vijana.

Amir Abdulqadir alizaliwa mwaka 1808 karibu na mji wa Mascara. Alikuwa mwanachuoni, lakini Wafaransa walipoivamia nchi yake alishika upanga, akapigana nao kutoka 1832 hadi 1847. Aliposhindwa, walimfunga kwao Ufaransa. Baadaye akahamia Damascus. Julai 1860 fujo zikazuka huko, Wakristo wakawa wanauawa ovyo. Amir na watu wake wakatoka kuwaokoa, wengine akawaficha nyumbani kwake. Maelfu wakanusurika. Jiulize, nchi yake ilinyang'anywa na nani? Si Wakristo wa Ufaransa? Lakini hakulipiza kisasi kwa wasio na hatia.

Sasa tuje karibu. Januari 1992 jeshi la Algeria lilifuta uchaguzi ambao chama cha Kiislamu cha FIS kilikuwa kikielekea kushinda. Hiyo ni dhulma, tusiifiche. Vita vikaanza, na vikazuka vikundi kama GIA, vilivyomkufurisha kila asiyekuwa pamoja nao. Waandishi na walimu wakauawa. Mwaka 1994 muimbaji Cheb Hasni akapigwa risasi mjini Oran. Sheikh Mohamed Bouslimani naye alitekwa nyara mwishoni mwa 1993, akauawa kwa kuwa alikataa kutoa fatwa ya kuhalalisha damu. Kisha Januari 1998, ndani ya Ramadhani, kijiji cha Sidi Hamed kikavamiwa usiku. Serikali ilihesabu maiti 103, wakiwemo akina mama na watoto.

Umeona mambo yalivyokwenda? Walianza na mwandishi, wakafika kwa sheikh na muimbaji, wakaishia kwa watu waliofunga saumu!

Vijana wenzangu, dhulma ipo, na Amir pia alidhulumiwa. Lakini elimu yake ilimzuia mkono. Basi mtu akikunong'oneza kwamba damu ya jirani yako ni halali, usione haya kumuuliza: na wale wa Sidi Hamed, kosa lao lilikuwa nini? Kisha inuka, uende zako.

Mwenyezi Mungu atukubalie saumu zetu. Amin.